Mke Mwenzangu wa Mbali

4 Machi

Kwa Bibi,

Shikamoo. Hunijui, nami sikujui ila kwa kusimuliwa. Mimi ni fundi katika duka la miwani huku mjini, karibu na kambi ya jeshi. Kazi yangu ni kukata lenzi na kuzitia kwenye fremu, na bosi akizidiwa na wateja huwa namsaidia kuwapima macho.

Mwezi ujao tunahama duka. Katika kusafisha tumekuta droo nzima ya miwani ambayo wenyewe hawakuirudia, na bosi ameamua igawiwe. Mmojawapo wa wenyewe hao ni mjukuu wako, askari. Alileta yake nimfungie skrubu ya mkono wa kushoto, siku chache kabla kikosi chake hakijaondoka kwenda vitani. Nilishaitengeneza zamani. Tangu tusikie kwamba naye ni kati ya wale ambao hawakuonekana tena pale kwenye kivuko cha mto, nimekuwa nikiihamisha kutoka droo hii hadi ile ili mtu asiiguse. Huu ni mwaka wa pili, na sasa droo zimeniishia.

Nimeona mahali pake ni nyumbani. Anwani nimeitoa kwenye kadi yake ya mteja: sanduku la posta la kinyozi, na pembeni ameandika kwa mkono wake, "apewe Bibi wa sweta". Ukitaka niitume, niandikie tu.

Pole sana, Bibi. Sote hapa tulimpenda Profesa.

Fundi wa miwani


Ijumaa, nadhani tarehe 15

Binti,

Marahaba. Barua yako nimeipata kwa kinyozi ikiwa imefunguka pembeni. Anasema ni panya. Panya wa kinyozi wanajua kusoma.

Nakushukuru kwa moyo wako, lakini naona umekosea nyumba. Mjukuu wangu havai miwani. Macho yake ni ya mwewe. Nimeshawahi kuficha kipande cha nyama ndani ya sufuria, nikalifunika, nikalipandisha juu ya kabati, nikalilundikia magazeti. Asubuhi nikakuta mfupa, na magazeti yamepangwa vizuri kuliko nilivyoyaacha. Na hilo jina la Profesa ndilo limenimalizia mashaka. Wetu alirudia darasa la tano, na mwaka uliofuata akataka kulirudia tena kwa sababu, alisema, ameshalizoea dawati. Hapa nyumbani anaitwa Chiriku, maana alianza kusema kabla hajaota meno na hajapata bado sababu ya kunyamaza.

Ila anwani ni yangu, na Bibi wa sweta ni mimi. Nafuma sweta za shule kwa mashine, watoto wa mtaa huu wote wamevaa jasho langu. Kwa hiyo hebu nieleze: huyo askari wako akicheka, anachekaje? Akiwekewa chakula, anaanza na nini? Ukijibu vizuri tutazungumza. Ukijibu vibaya, mtafute mwenye miwani yake, na Mungu akulipe.

Bibi

Nyongeza: Usipige simu. Simu ya nyumba hii ni ya binti yangu, mama yake Chiriku, na hukaa mfukoni mwake. Barua ni salama zaidi, ukiwatoa panya.


24 Machi

Shikamoo Bibi,

Akicheka huanza kimya. Mabega yanatikisika, unadhani amepaliwa, unamtafutia maji. Kisha sauti inatoka yote kwa mkupuo kama bata aliyekanyagwa. Akiwekewa chakula anaanza na kile alichoambiwa ni cha mwenzake.

Sasa habari ya macho. Alikuja mara ya kwanza akasema haoni mbali. Nikamkalisha mbele ya chati ya herufi. Ile herufi ya juu kabisa, kubwa kama mlango, nikamuuliza ni nini. Akasema, "Kiti." Nikamwambia, kaka, hizi ni herufi. Akasema ndiyo maana amekuja, apate msaada. Wiki iliyofuata akarudi, na safari hii hata ukuta wenyewe hauoni, akawa anaupapasa. Mara ya tatu uvumilivu ukanishinda. Nikamwambia macho yake yameharibika kiasi kwamba sina budi kumwandikia mkuu wa kambi amwondoe jeshini, ila akiweza kusoma yale maandishi ya chini kabisa nitamwacha. Yale ya chini si ya kupimia, Bibi. Ni jina la kiwanda kilichochapa chati, madogo kama miguu ya sisimizi. Akayasoma yote pamoja na namba ya simu ya kiwanda. Halafu akatambua alichofanya, mabega yakaanza kutikisika. Bosi alitoka mbio chumba cha nyuma akidhani mteja ameanguka kifafa.

Baada ya hapo akasema hawezi kuondoka mikono mitupu, nimtengenezee miwani. Nikamtilia vioo vitupu visivyo na nguvu yoyote, kama vya dirisha. Akawa anaivaa siku za mapumziko, na gazeti la juzi kwapani, na kambini wakaanza kumwita Profesa. Alinisihi nisije nikamwambia mtu wa kwao. Alisema bibi yake akijua atamcheka mpaka azeeke.

Nisamehe kwa kumvunjia siri. Nitume miwani?

Fundi wa miwani


1 Aprili

Mke mwenzangu,

Ndiyo, nimekuita hivyo, wala usishtuke. Mke mkubwa ni mimi. Bwana yule ni mume wangu tangu yuko kwenye nepi. Nimemwogesha, nimemtafunia, nimempa mgongo wangu apande, na kumbe ana mke mdogo mjini anampima macho. Mwanamume umbebe mgongoni au usimbebe, ni yuleyule.

Barua yako niliisoma huku nafuma mkono wa sweta. Nilipofika pale kwenye "kiti" nikaachia uzi, mkono mzima ukafumuka. Kuna mtoto wa shule atakwenda na mkono mmoja. Nilicheka hadi binti yangu akatoka jikoni na mwiko mkononi kuangalia nimepatwa na nini. Nikamdanganya kwamba nimekumbuka kisa cha ujana wangu. Akasimama mlangoni kidogo kama anayetaka kuuliza kitu, kisha akarudi jikoni.

Nikueleze, maana sasa wewe ni wa ndani. Katika nyumba hii hatusemi "alikuwa". Jeshi lilituambia kwamba hajulikani alipo, na binti yangu amelishika neno hilo kwa mikono miwili: asiyejulikana alipo, yupo. Kwa hiyo Chiriku anapenda hiki, Chiriku hataki kile. Mgeni akiteleza ulimi akasema "alipenda", anakuta viatu vyake vimeshageuziwa barabarani. Nami kinywa changu kimefuata. Sijui ni kwa kuamini au ni kwa kuogopa mwiko.

Lakini moyoni, mke mwenzangu, nimechoka kumtaja mtoto yule kama mtu aliyetoka kwenda dukani. Nataka kumcheka kama tunavyochekana tulio hai na waliokwenda. Wewe umenichekesha naye, na nimelala usingizi mzuri ambao sikuwa nao muda mrefu.

Nitumie miwani kwa kinyozi, na barua zako nitazisomea hukohuko, kwenye kiti cha wateja, nimefunikwa shuka mpaka shingoni. Hii nayo naiandikia hapa. Ameshanipunguza nywele kwa mazoea.

Nitumie na visa vingine.

Mke mkubwa


20 Aprili

Shikamoo mke mkubwa,

Samahani kwa kuchelewa, tulikuwa tunahama. Duka jipya lina mwanga mzuri, ila sinki la kuoshea lenzi lilivuja siku ya kwanza tu, ikabidi aitwe fundi bomba. Fundi bomba akatushauri tuiondoe mashine ya kusagia lenzi karibu na ule ukuta wenye unyevu, akatusaidia na kuisukuma. Ni mtu mkimya. Alhamisi fundi bomba alipita tena kuona kama bomba limeshika, na Jumamosi pia. Basi tumekuwa na shughuli.

Miwani nimeifunga kwa pamba ndani ya boksi na nimeituma leo.

Kuna jambo jingine, na nimelifikiria sana kabla ya kushika kalamu. Wiki iliyopita alikuja dukani Koplo mmoja wa kikosi chake. Sasa anatembea kwa fimbo, na alitaka miwani ya jua ili, kwa maneno yake, akianguka aanguke kwa heshima. Nikamuuliza kama alimjua Profesa. Akaketi.

Ilikuwa alfajiri, wanarudi nyuma, na walitakiwa kuvuka mto. Boti ilikuwa moja na majeruhi ni wengi. Profesa alishapanda. Kisha akashuka. Hakuamriwa na mtu. Koplo anasema alimshika shati kumzuia, naye akamwambia, "Nyie nendeni, mimi nitapanda ya pili. Hii imejaa wanene." Na mnene mle ndani alikuwa Koplo mwenyewe, mguu unamvuja damu, na bado kicheko kikamtoka. Anasema walifika ng'ambo wakiwa bado wanacheka. Boti iliporudi kuwafuata waliobaki, ukingo ule ulikuwa umeshatekwa. Hakuna aliyeona zaidi ya hapo. Koplo hakuniongezea kitu, nami sikuongezei.

Ameniambia pia kwamba mwezi Juni kambi itafanya siku ya kuwakumbuka wote ambao hawakuonekana. Familia zinaalikwa, na hakuna atakayesomwa jina bila ridhaa ya watu wa kwao. Nadhani mwaliko wenu umeshafika au uko njiani.

Fundi wa miwani


9 Mei

Binti,

Mimi ni mama yake.

Jana nilipita kwa kinyozi nikamkuta anajitazama kwenye kioo na miwani usoni, anamwambia mteja kwamba inampendeza sana ila haimwonyeshi jipya. Nikamuuliza ni ya nani. Yule hajui kunyamaza hata akijaribu, na alijaribu. Mama yangu naye amenitolea barua zako kutoka kwenye kikapu cha nyuzi. Nimezisoma zote, nikiwa nimesimama.

Mwanangu si kisa cha kuchekewa kwenye kiti cha kinyozi. Yupo mahali. Mwaliko wa jeshi ulikuja nikaurudisha, kwa sababu wanaosomwa majina ni waliokufa, na hakuna aliyeniletea hata kifungo cha shati lake.

Sikukatazi kumwandikia mama. Ni mtu mzima, na hajanisikiliza tangu anizae. Ila nina swali moja na nataka jibu la kweli. Wewe uliyempima macho, unamngoja?

Mama yake


18 Mei

Shikamoo Mama,

Nimeianza barua hii na kuichana mpaka bosi ameniuliza karatasi zake zinakwenda wapi.

Jibu ni hapana. Nilimngoja. Kengele ya mlango wa duka ikilia nilikuwa natazama miguu kwanza, kama ni buti. Siku niliyoacha siikumbuki. Ninachokumbuka ni kwamba siku moja kengele ililia, nikainua macho nikamtazama mteja usoni, nikamkaribisha, na ndipo nikajua kwamba nimeshaacha. Nikaingia chumba cha nyuma nikawasha mashine ya kusagia, ikazunguka bila lenzi, ili bosi asinisikie nalia.

Ningependa kukuambia kwamba aliniachia neno kubwa. Hakuniachia. Siku ya mwisho tulizozana kwa ajili ya skrubu. Alisema huwa nazilegeza kwa makusudi ili arudi, nikamwambia ni kweli. Mabega yakaanza. Akasema, "Basi usinifungie vizuri sana," akatoka mbio kwa sababu amechelewa gwaride, na mlangoni akampiga kikumbo mzee aliyekuwa anaingia, akamwomba radhi, akamfungulia mlango, akamfungia, akapunga mkono kupitia kioo. Ni hayo tu. Hakuniahidi, sikumwahidi. Pengine tungeoana, pengine tungezozana mpaka leo.

Na kwa kuwa umetaka kweli, kuna mtu ameniomba anioe. Sijamjibu. Naogopa kwamba nikisema ndiyo nitakuwa nimemrudisha Profesa kwenye droo ya wasiorudiwa, nikaifunga na kuondoka. Mtu huyu nimemsimulia kila kitu. Kile kisa cha "kiti" anakipenda kiasi kwamba akija huniomba nikirudie, na hucheka palepale kila mara.

Sikuombi ruhusa, Mama, wala sina la kukushauri kuhusu Juni. Sikutaka tu ulisikie hili kwa kinyozi.

Fundi wa miwani


27 Mei

Mke mwenzangu,

Nakuandikia kwenye meza ya nyumbani, mchana kweupe, mlango wazi. Kinyozi amenikasirikia, anasema nimemkosesha mteja.

Barua yako kwa binti yangu ilikaa mfukoni mwa aproni yake kutwa nzima. Kila akiinama naiona inachungulia, nami nasali isidondokee kwenye moto. Jioni anaosha vyombo, mimi nakausha, akapangusa mikono, akaitoa, akanisomea kwa sauti. Alisoma vizuri tu, kama anayesoma taarifa ya habari, mpaka pale kwenye "usinifungie vizuri sana" na yule mzee wa mlangoni. Hapo akaikunja. Akatazama sinki.

"Alikuwa mvivu wa vyombo," akasema.

Nilidhani masikio yangu yamenisaliti. Nikaendelea kukausha sahani iliyokuwa imeshakauka.

"Alikuwa anaosha upande mmoja. Ule unaoonekana."

Nikasema polepole, kama mtu anayemnyemelea ndege, kwamba masufuria alikuwa anayasukumia chini ya kitanda chake yakiwa na masizi. Akasema anajua, na anajua pia kwamba mimi ndiye niliyekuwa nayatoa na kuyaosha kwa siri ili asichapwe. Nikamuuliza alijuaje. Akasema mama, nyumba ni yangu, chini ya kitanda ni pangu pia.

Mke mwenzangu, tuliketi sakafuni, maji ya vyombo yakapoa. Tulimtoa kasoro zake zote, moja baada ya nyingine, na ni nyingi, tena nyingine alizitoa kwangu. Alicheka, akalia, akacheka. Sikuweza kumfuata, nikaamua kufanya yote mawili kwa pamoja ili nisibaki nyuma.

Kisha akaitaka tena ile barua yako ya boti. Mara ya kwanza aliisoma amesimama, kwa hasira, na hasira haisomi. Safari hii aliisoma ameketi. Alipofika kwa wanene akaniuliza, "Hiyo kaisema yeye mwenyewe?" Nikamwambia ndiyo imeandikwa hivyo. Akairudia kwa sauti ndogo. Kisha akasema, "Huyo ni mwanangu." Nikaelewa kwamba muda wote huu alikuwa na maneno ya jeshi tu, na katika maneno ya jeshi mtoto wetu hakuwemo. Sasa amemsikia akisema.

Asubuhi amepiga simu kambini kwamba tutakuja na jina lisomwe. Alipokata simu aliniona ninavyomtazama, akaninyooshea kidole. "Usinielewe vibaya. Sijasema amekufa. Nimesema alikuwa mvivu wa vyombo." Nikamwambia sina neno. Mlango wa mtu akiufungua kidogo usimwambie kuna upepo.

Miwani amemnyang'anya kinyozi, na anaivaa yeye akisoma gazeti. Anasema inamsaidia. Mimi najua ni kioo cha dirisha, wewe unajua, na yeye anajua. Tumeacha hivyo.

Sasa tuje kwako. Huyo mtu wako hukumtaja kazi yake, lakini ile barua yako ya Aprili ilikuwa imelowa fundi bomba kutoka juu hadi chini. Bomba gani hilo linatazamwa Alhamisi, linatazamwa Jumamosi? Nilijua kabla yako. Nikakaa kimya nione utanificha mpaka lini.

Kwa hiyo sikiliza. Mimi, mke mkubwa, kwa niaba ya mume wetu ambaye hayupo kusema mwenyewe, nakupa talaka. Na kwa kuwa nakujua utasitasita mlangoni, nakupa zote tatu kwa pamoja. Huna pa kurudi. Mtoto yule alishuka kwenye boti ili wengine wavuke, hakushuka ili wewe ukae ukingoni umtazame. Mjibu fundi wa watu kabla hajamaliza mabomba ya mji mzima akakosa kisingizio.

Bibi (si mke mwenza wako tena, lakini nitaendelea kukuita hivyo kwa kuwa nimezoea)


29 Juni

Shikamoo Bibi, shikamoo Mama,

Natumaini mlifika salama na Bibi ameamka na miguu yake yote. Bosi bado anasimulia jinsi wewe, Bibi, siku mlipopita dukani ulivyokaa mbele ya chati ukakataa kusoma mstari wa pili kwa sababu, ulisema, herufi zake hazina adabu.

Sijapata kuwaambia nilichokiona siku ile, kwa kuwa mlikuwa mbele na mimi nilikuwa nyuma na fundi bomba. Wazazi waliotangulia kwenye kipaza sauti walisema yote ambayo husemwa. Wangu alikuwa shujaa, wangu alikuwa mtiifu, wangu alilipenda taifa. Ilikuwa kweli, lakini kila aliyeketi alionekana kama amesimama bado. Mama ulipoitwa nikaona umeacha karatasi yako kwenye kiti. Ukasema, "Mwanangu alikuwa mvivu wa vyombo, na alishuka kwenye boti." Ukarudi ukaketi.

Huko nyuma nilimsikia Koplo akicheka, akijaribu kujizuia na fimbo inamgonga kiti cha mbele. Na mliona yaliyofuata. Yule baba aliyekuwa ameshaongea akaomba kurudi, akasema wake alikuwa mwizi wa sukari. Yule mama wa kofia akasema wake aliogopa mende mpaka anaingia jeshini. Mkuu wa kambi aliangalia saa yake, kisha akaivua na kuitia mfukoni. Fundi bomba, ambaye hasemi neno siku nzima, aliniambia anatamani angewajua wote.

Na kile cha Koplo pale getini sitakisahau. Alivua kofia akakwambia, Mama, mimi ndiye yule mnene. Ukamshika mashavu kwa mikono miwili, ukamgeuza huku na huku, ukamwambia amekonda, nani anampikia.

Nimemjibu fundi bomba. Alisema "sawa", akaenda nje, akakaa huko muda, akarudi macho mekundu, akasema ni vumbi. Harusi ni Agosti.

Sasa nina swali. Dada yake ndiye anayepanga viti, na kwa kila mgeni wangu ananiuliza ni nani wangu ili ajue pa kumweka. Alipofika kwenu nilikwama. Wakwe siwezi kusema, hapakuwa na ndoa. Marafiki, neno ni dogo. Mama yangu mzazi anasema kwake hamna shida, hata kwenye mapaja yake mtakaa. Lakini dada wa watu anataka neno la kuandika. Nimwambie nini?

Fundi wa miwani


7 Julai

Mwanangu,

Mama amenipa kalamu akasema hili ni langu kujibu. Hata hivyo amesimama nyuma ya bega langu, anasoma, na ameshanisahihisha tahajia.

Tutakuja wote wawili. Anafuma kitu cheupe tangu mwezi uliopita, na akisikia hatua zangu anakikalia. Ukivishwa, shangaa. Koplo naye nimesikia umemwalika. Mwambie tutapita kwake tukiwa njiani twende pamoja, kwa sababu hajaniambia bado nani anampikia.

Umeniuliza swali, na nimelizunguka nalo nyumba nzima. Nilikuuliza mimi langu kwa ukali siku ile, ukanijibu bila kuninyima kitu, basi na mimi nisikunyime. Mwanangu alikuwa na tabia moja: alileta watu nyumbani bila taarifa. Nafungua mlango nakuta wako watano, ana njaa kila mmoja, na hakuna hata mmoja aliyetajwa jina. Nilikuwa nagomba, na bado nawatengea. Wewe ndiye wa pekee ambaye hakuwahi kumfikisha, na nadhani ni kwa sababu wewe alitaka kukuleta vizuri, kwa taarifa, siku nimejiandaa.

Hakupata nafasi. Kazi hiyo alituachia, nasi tumeifanya wenyewe, kwa kuchelewa na kwa kukoseana. Lakini umefika.

Kwa hiyo mwambie huyo dada aache kutafuta neno gumu. Atuweke upande wako, mbele, kando ya mama yako kama ameridhia. Na akiuliza tena sisi ni nani, mwambie ni watu wa kwenu.

Mama